Filimbi Niliyoipuliza Porini Kimali

Kabla hamjacheka naomba mnisikilize mpaka mwisho, maana watu wa Kimali wameshanicheka vya kutosha na sidhani kama kimebaki kicheko cha kuongeza. Aibu yenyewe siwezi kuificha hata nikitaka, kwa sababu walioiona ni wengi mno. Walinikuta juu ya mgunga, mti wenye miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia, suruali ikiwa kwenye vifundo vya miguu, na chini yangu amesimama maksai anatafuna karatasi yangu ya chooni taratibu, kama mtu aliyealikwa. Na yote hayo yalianza na jambo dogo, tena la busara kabisa nilivyoliona mimi siku ile: kununua filimbi.

Mjue kwanza kwamba mwenzenu ni mtu wa kufikiri sana. Sijisifu, ni ugonjwa. Nikiagiza chai hotelini nawaza kama soda isingekuwa bora, chai ikija nawaza kama mhudumu hakuudhika na sauti niliyoagizia, nikimaliza nawaza kama nimekaa muda mrefu kuliko chai yenyewe inavyostahili. Na mwaka niliomaliza chuo kikuu ulikuwa mwaka mbaya kwa watu wa aina yangu. Waliotutangulia walikuwa wakimaliza tu wanapangiwa kazi serikalini, kama wanafunzi wanavyopangiwa vitanda bwenini. Sisi tulipomaliza tukaambiwa mambo yamebadilika, soko sasa ni huria, kila mtu akajitafutie. Nikarudi kwetu Lalago na shahada yangu ya jiografia, nikakaa msimu mzima nachambua pamba na baba yangu, ambaye kila jioni aliniuliza kwa upole, "Sayi, bado hawajakuita?" na kila jioni nilimjibu bado, na upole wake ndio ulionimaliza.

Ndipo nikampata Bwana Eliakimu. Huyu alikuwa amefungua kampuni yake ya utalii Arusha, maana siku hizo kila aliyekuwa na gari mbili alifungua kampuni, naye alikuwa amegundua biashara ya ajabu. Kuna Wazungu, alinieleza, wamechoka na hoteli za porini, wamechoka hata na zile kambi zenye vyoo na mabomba, wanataka kulala mahali ambapo hapana kitu. Hakuna choo, hakuna bomba, hakuna uzio, hakuna jirani. Wanabeba maji yao, wanachimba shimo lao, wakiondoka usijue kama kuna mtu alilala. Na wanalipia! (Baba yangu nilipomweleza alitaka nirudie, akidhani amesikia vibaya, kisha akasema mbona sisi tumelala hivyo miaka yote tukichunga na hatukudai hata soda.)

Bwana Eliakimu alikuwa akitafuta mtu wa Usukumani anayelijua lile pori la wazi la Meatu, lililo nje ya hifadhi, ambalo si shamba la mtu wala ranchi ya shirika, ni ardhi ya umma tu. Nikasema nalijua. (Nalijua kwenye ramani.) Akanipa safari moja ya majaribio.

"Wageni wakirudi wanacheka, kazi ni yako," alisema. "Wakirudi wamenuna, tusijuane. Na kumbuka wanachonunua ni upweke. Nisisikie kwamba wameona hata mtu mmoja."

Basi nikaanza kufikiri. Nilifikiria simba, nikafikiria fisi, nyoka, siafu, mvua isiyo ya msimu, moto wa nyasi, kuharisha, kupotea. Kampuni ilikuwa na karatasi ya maelekezo ya kulala porini, na ndani yake imeandikwa kwamba kila anayetoka kambini peke yake avae filimbi shingoni, na akipata hatari apulize mara tatu. Tulipopita Bariadi kuchukua mafuta na maji nikaingia sokoni. Soko lile siku hizo lilikuwa limefurika vitu, mitumba, redio, maua ya plastiki, vitu ambavyo miaka michache nyuma ungevitafuta nchi nzima usivione, na filimbi zilikuwa zinaning'inia kwenye kamba kama dagaa.

"Ya refa au ya mlinzi?" muuzaji akaniuliza.

"Ya usalama."

"Basi chukua hii ya chuma. Ikilia hii, hata marehemu anageuka."

Nikaichukua. Nikaivaa shingoni palepale, nikajiona mtaalamu.

Tulikuwa watu wanne kwenye gari. Mimi, dereva Shabani, mtu wa Arusha mwenye maneno mengi na moyo mzuri, na wageni wetu, Bwana Nils na mkewe Bibi Karin, walimu wastaafu kutoka Ulaya ya kaskazini huko, watu wazima, wembamba, wanyamavu, wenye viatu vilivyochakaa kwa kutembea. Tuliivuka Kimali, kijiji cha mwisho kabla ya pori, mchana. Shabani akapunguza mwendo kwenye zile nyumba za mwisho, akaniuliza kama hatusimami kusalimu. Nikawaza: tukisimama watu watatuzunguka, wageni wataona watu, Bwana Eliakimu alisema nisisikie hata mtu mmoja. Halafu ardhi ni ya umma, hakuna wa kupigiwa hodi. Nikasema, "Twende tu."

Sasa hapa lazima niseme ukweli kuhusu lile pori, kwa sababu mkasa wangu usiwafanye mkadhani ni mahali pabaya. Sijawahi kuona mahali pazuri kama pale. Tulifuata mto wa mchanga, ule ambao kiangazi unakuwa barabara nyeupe tupu, mpaka mahali ulipojikunja chini ya migunga mikubwa, mbele yake mbuga imefunguka ya majani ya rangi ya simba mpaka upeo wa macho, na huko mwisho vilima vya mawe vimekaa kama ng'ombe waliolala wanacheua. Nilikuwa nimesoma miaka mitatu habari za nchi yangu kwenye vitabu na hakuna kitabu kilichoniambia kwamba jioni, jua likishuka, majani yale yote yanawaka kwa pamoja bila moto. Bibi Karin alikaa kwenye mchanga akavua viatu. Bwana Nils alimshika bega. Nikasema moyoni, Sayi, kazi umeipata.

Hema nililipanga mwenyewe. Nililisimamisha, nikaona liko karibu mno na mto, nikalihamisha, nikaona liko chini ya tawi kavu, nikalihamisha tena, nikapima kwa hatua huku na huku, Shabani akiwa amekaa kwenye bampa anakula karanga ananitazama. "Msomi," akasema, "ukimaliza kupima utatujengea na shule?" Tukapika, tukala, tukalala, na usiku ulipita salama (nilikuwa macho karibu wote, ninaweza kuwathibitishia).

Alfajiri, kukiwa kumeanza kupambazuka, tumbo likaniita. Karatasi ya maelekezo inasema uende mbali na kambi, mbali na maji, uchimbe shimo la kina cha kiganja, ukimaliza ufukie. Nikachukua kijembe, nikachukua karatasi ya chooni, nikaangalia filimbi iliyokuwa kwenye kiatu changu. Nikaiwazia kidogo. Naenda karibu tu, naihitaji ya nini? Lakini maelekezo yanasema kila anayetoka. Nikaivaa.

Nikaenda nyuma ya vichaka, nikachagua mahali (nikabadilisha, kama kawaida yangu), nikachimba shimo zuri sana, nikachuchumaa. Kulikuwa na ukungu mwepesi juu ya majani na kanga wanalia mbali, nikajisikia, kwa mara ya kwanza tangu nimalize chuo, sina wasiwasi wowote.

Ndipo kitu kikapumua nyuma ya shingo yangu.

Kilipumua kwa nguvu na joto, pumzi ya kitu kikubwa. Nikageuka taratibu nikaona pembe. Pembe hii huku na pembe hii kule, na katikati kichwa cheusi kinatoka kwenye ukungu. Kila nilichokuwa nimesoma kuhusu nyati kikanijia kwa pamoja: nyati hatishi, haonyi, hasamehe. Sikumbuki kuamua kupanda mti. Nakumbuka nikiwa juu tayari, suruali imenasa miguuni, miiba imeingia sehemu ambazo sitazitaja, na filimbi iko mdomoni. Nikapuliza. Mara tatu, kwa mujibu wa maelekezo. Mnyama hakuondoka. Nikapuliza tena, na tena, na kila nilivyopuliza niliuona ukweli wa maneno ya yule muuzaji wa Bariadi.

Halafu nikasikia filimbi ikinijibu, upande wa mashariki.

Nikafurahi! Nikasema Shabani huyo ananijibu. Lakini Shabani alikuwa upande wa magharibi, na hakuwa na filimbi. Kisha ikalia nyingine, kaskazini, juu ya vilima. Kisha nyingine mbali zaidi, nyembamba kama ya mbu. Na baada yake ukaanza mwano, ule ukelele wa kuitana wanaoupiga kwetu ng'ombe wanapoibwa, sauti ya mwanamke mmoja inapokelewa na mwingine boma la mbele, na mwingine, na mwingine, mpaka mbuga yote ambayo jana niliwaahidi wageni kwamba haina mtu ikawa inapiga kelele.

Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Jamani, mimi ni mtoto wa Lalago. Nimekua nikisikia filimbi. Baba yangu mwenyewe ameshatupa tonge la ugali likiwa njiani kwenda mdomoni, akachukua upinde, akatoka, kwa sababu filimbi imelia, na Usukumani filimbi ikilia porini maana yake ni moja tu: wezi wa mifugo, sungusungu, walinzi wa kijiji, wote nje. Hakuna anayebaki. Atakayebaki atajieleza kwa wenzake mbele ya baraza. Hili nililijua kabla sijajua kusoma. Nilifikiria siafu, nilifikiria mvua, nilifikiria tawi kavu, lakini nilipovaa fulana ya kampuni nilikuwa nimejiweka upande wa wageni, nikasahau kwamba niko kwetu.

Wa kwanza kufika alikuwa mama mmoja mnene, mwenye mpini wa jembe begani, anahema. Baadaye nilijua anaitwa Mama Kulwa. Akamtazama yule mnyama, akanitazama mimi, akanifuata kwa macho kutoka miguuni mpaka juu, kisha akaangalia pembeni kwa heshima.

"Mwangaluka, baba," akanisalimu habari za asubuhi kwa Kisukuma, kama vile tumekutana njiani.

"Mwangaluka, mayu," nikamjibu kutoka mtini. Ungejibu nini?

"Huko juu unatafuta nini?"

"Nyati, mayu!"

"Nyati yupi? Huyu? Huyu ni Serikali." Akampiga yule mnyama kofi la tako. "Maksai wangu wa plau. Amekata kamba tangu usiku. Tumemwita Serikali kwa sababu ukimsukuma haendi, ukimwacha anakwenda anakotaka. Shuka, hana neno na mtu. Anapenda makaratasi tu."

Nikamwambia, mayu tafadhali, pigeni mwano mwingine, waambieni watu warudi, hakuna kitu. Akatikisa kichwa kwa masikitiko. Akanieleza kwamba haiwezekani. Zamani wezi walikuwa wanatuma mtu wao mbele kupiga kelele "hamna kitu, rudini," watu wanarudi, ng'ombe wanakwenda. Kwa hiyo sasa ni sheria, aliyesikia filimbi hasimami mpaka amwone aliyeipiga kwa macho yake na kusikia habari kutoka mdomoni mwake. Kila kundi.

"Kila kundi?" nikauliza.

"Kila kundi, baba. Kwa hiyo vaa suruali."

Nikavaa. Sikuwahi. Yaani nilikuwa bado napambana na mkanda pale kundi la kwanza lilipotokea, na hapa, pamoja na aibu yangu, nilishangaa na bado nashangaa. Hawakuja kama watu wanaokimbia ovyo. Walitokea kwenye majani kimya, wameachana nafasi sawasawa, upinde mkononi, wengine tayari wamekwenda kuziba kivuko cha mto, wengine wameshika njia ya vilimani, bila mtu kumwambia mwenzake afanye nini. Hakuna askari, hakuna redio, hakuna gari. Ukungu haujaondoka juu ya majani na pori limeshafungwa kama mlango. Nilisoma somo zima la utawala wa vijiji na nikapata alama nzuri, lakini sikuwahi kuona kijiji kikifanya kazi mpaka pale.

Kiongozi wao alikuwa Jilala, kamanda wa sungusungu, mtu mfupi mwenye koti la mvua na sauti ya chini. Akaniambia nipande juu ya kichuguu ili wote wanione.

"Sema."

Nikasema. Nilijaribu kufupisha, nikasema nilikuwa nimetoka kambini kwa shughuli binafsi, nikaona mnyama. Mzee mmoja akauliza shughuli gani, maana mambo yakifichwa hapo ndipo wezi wanapojificha. Nikaeleza shughuli gani. Wakaniuliza shimo liko wapi. Nikaonyesha. Wakaenda kuliangalia, wakarudi, wakathibitisha kwamba shimo lipo na limechimbwa vizuri. Hapo kicheko kikaanza, kikapita kwenye mistari yote kama moto wa nyasi.

Wakati huo Bwana Nils na Bibi Karin wametoka hemani, nywele zimesimama, wanaangalia pinde zile zote. Bibi Karin akaniuliza kwa Kiingereza kuna nini. Na mimi, nikikumbuka "nisisikie hata mtu mmoja," nikiona kazi yangu inaondoka mbele ya macho yangu, nikajibu neno la kwanza lililonijia.

"Wamekuja kutusalimia."

"Wote hawa? Alfajiri?"

"Ni desturi."

Basi Bibi Karin, kwa kuwa ni mtu mwenye adabu, akarudi hemani akavaa vizuri, akatoka na mumewe, wakaanza kupeana mikono na sungusungu mmoja baada ya mwingine. "Manga-luka, manga-luka." Wanaume wenye mishale wanahamisha pinde kwenye mkono wa kushoto ili wamsalimie kwa wa kulia. Kundi la pili likafika, likaelezwa liende kwangu. Nikapanda kichuguu, nikasimulia. Bibi Karin akasalimia. Kundi la tatu, hivyo hivyo. Kufikia hapo walikuwa wanataka nionyeshe na vitendo, nilivyochuchumaa, nilivyogeuka, nilivyopanda, na waliosikia mara ya kwanza hawakuondoka, walikaa kuwasubiri wenzao ili wasikie tena. Wengine wananikosoa. "Hapana, mara ya kwanza ulisema pumzi ilikuja kabla ya pembe!"

Ni pale nilipokuwa nimechuchumaa juu ya kichuguu mbele ya kundi la nne, au la tano, ndipo Bibi Karin alipomgeukia Shabani akamuuliza hii nayo ni desturi? Shabani akanitazama. Nikamtazama kwa macho ya kuomba. Shabani akasema yote.

Nilisubiri wakasirike. Hawakukasirika, hawakucheka pia. Bwana Nils aliitazama ile mbuga, watu bado wanatokea kule mbali, vidoti vidoti, wanakimbia. Akauliza swali moja tu: "Wote hawa walitoka majumbani kwao kwa ajili yako?"

Jilala akaanza baraza. Akaniuliza mimi ni mtoto wa wapi. Nilitamani kusema Dar es Salaam. Nikasema Lalago. Kicheko chote kikakatika.

"Wa Lalago," akarudia polepole. "Ningekusamehe ungekuwa mgeni."

Nikashuka kwenye kichuguu.

"Jana tulikuona," Jilala akaendelea. "Tulikuona tangu mnapita bila kusimama. Tukakuona unapima kwa hatua, unahama, unapima tena. Wengine wakasema huyu amekuja kupima ardhi tunyang'anywe, siku hizi kila kitu kinauzwa. Wengine wakasema labda dhahabu. Nikaweka watu wawili walale pale mtoni, wawalinde na fisi, na watulinde sisi na wewe. Ungepita kwangu ukasema 'tupo,' ungekunywa maziwa, ukalala usingizi. Mnasema pori halina mtu. Nani kawaambia?"

Kwenye ramani hapakuwa na kitu.

Sheria yao ni kwamba aliyewaita watu bure anawalisha. Mtu wa pale angechinja. Mimi nilikuwa na chakula cha kampuni cha safari nzima, tambi, maharage ya makopo, samaki wa makopo, jemu, biskuti, vyote vikamwagwa kwenye masufuria ya Mama Kulwa na wenzake vikapikwa pamoja (ndiyo, na jemu), na Bibi Karin akazunguka na biskuti, akitoa moja moja. Walikula wanacheka wanasema chakula cha Wazungu kina utelezi. Serikali alikula makatoni.

Tulikuwa tunamalizia pale alipofika mtu wa mwisho. Alikuwa fundi baiskeli kutoka mbali sana, upande wa pili wa vilima, mguu mmoja mfupi, mikono bado myeusi kwa grisi, mkuki begani, jasho linamtiririka mpaka kifuani. Jua lilikuwa limeshapanda. Alikuwa ametembea asubuhi nzima kuja kumsaidia mtu asiyemjua. Watu wakanisukuma, haya, na huyu, sheria ni sheria. Nikapanda kichuguu, lakini safari hii sikuweza kuigiza. Nikamwambia tu, kwa sauti ndogo, kwamba nilimwogopa maksai nikapuliza filimbi, hakuna mwizi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akashusha mkuki.

"Afadhali," akasema. "Njia nzima nilikuwa nasema labda kuna mtu ameuawa." Akakaa chini, akaomba maji.

Hakuna aliyecheka. Mimi nilikwenda nyuma ya gari nikajifanya natafuta kitu.

Siku zilizobaki tulilala palepale, ila kwa kuwa chakula kimekwisha tulikula kwa Jilala, michembe, vile vipande vya viazi vikavu, na maziwa mgando, na jioni watu walipita kusalimu, safari hii kweli. Tuliporudi Bariadi, Bwana Eliakimu alikuwa akitungoja kwenye nyumba ya wageni, na njiani nilikuwa nimeshaandaa kichwani kila namna ya kujitetea. Sikuhitaji hata moja. Bwana Nils alimwambia bosi kwamba usiku wa kwanza hawakulala, yeye na mkewe, walikuwa wanaogopa ule upweke ila waliona aibu kusema. Baada ya kuona watu wale wanavyokuja, walilala kama watoto. Akasema amesafiri nchi nyingi, hajawahi kuona kitu kama kile. Akanishika mkono kwa mikono miwili, wakaenda kuoga.

Bwana Eliakimu akabaki mezani ananiangalia, macho yanang'aa.

"Sayi, wewe ni dhahabu. Kazi ni yako. Sasa sikiliza. Tunaiweka kwenye ratiba. Kila safari, siku ya pili, alfajiri, unapuliza filimbi."

"Hapana," nikasema.

Mimi! Mimi ninayewaza nusu saa kati ya chai na soda. Lilitoka kabla hajafunga mdomo. Hata Shabani alisimamisha kijiko cha supu.

"Hapana nini? Hawatakuja bure, tutatoa kitu kidogo kijijini. Madawati. Siku hizi kila kitu kina bei yake."

"Bosi, tukiwaita mara mbili tatu kwa mchezo, siku mtu atakapopiga kwa kweli yule fundi baiskeli atauliza kwanza kama ni ya wageni. Na akishauliza, wamechelewa."

"Nimekuajiri ufikirie wageni, si mafundi baiskeli."

"Bado hujaniajiri," nikasema, na sijui hata leo lile nililitoa wapi.

"Haya," akasema, akavuta sahani yake. "Basi sijakuajiri."

Nikapanda lori la pamba kurudi Lalago, na hapo ndipo akili yangu iliporudi kazini: njia nzima niliwaza nilichokifanya, nikajiita mjinga kwa kila tuta, nikaandaa hotuba ya kumwomba msamaha bosi, nikaifuta, nikaiandaa tena. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo umeacha kazi kwa ajili ya watu wa Kimali?" Nikasema ndiyo. Akasema kesho tunaanza na shamba la chini. Hajaniuliza tena kama wameniita. Na Jilala nilimtumia salamu kwa dereva wa lori, nikamweleza kwamba bosi alitaka filimbi ipulizwe kwa ajili ya wageni, asije mtu akawachezea, majibu yakarudi kwa lori hilohilo kwamba wamesikia, na mbona sipiti kunywa maziwa.

Sasa nafundisha kwa muda katika shule ya msingi hapa, jiografia na chochote kingine kinachokosa mwalimu. Nitalala porini tena, hilo nataka mlijue, nikipata nafasi nitarudi palepale mtoni. Lakini filimbi, kamwe. Juzi shule yetu ilicheza mpira na shule jirani, mwalimu mkuu akaniteua kuwa refa, akanipa filimbi mpya ya plastiki. Nikawaza kidogo. Upepo siku ile ulikuwa unavuma kuelekea Meatu. Nikamrudishia kwa heshima, nikachezesha mchezo mzima kwa kupiga makofi, viganja vikavimba, na watoto wa shule zote mbili sasa wananiita Mwalimu Makofi. Naitika.